Pampu ya Dizeli Ikivuja: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Zamani

Gari umelizima jioni bila tatizo. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inaanza kuchoka, ndipo linawaka kwa kukohoa, likitoa moshi mweupe. Kabla hujaenda kununua betri au kubadilisha plagi za hita, fungua boneti upitishe kidole chini ya pampu ya dizeli. Kikitoka kimelowa, umeshapata pa kuanzia. Kazi inayobaki ni kujua dizeli inatokea wapi hasa, maana pampu moja ina sehemu kadhaa za kuvujia, na mafundi wengi huanza kufungua kabla ya kutafuta.

Nimemlenga mtu wa Kasoli wilayani Bariadi, au jirani yake wa Dutwa na Ngulyati, mwenye pikapu ya Hilux ya injini ya 2L, 3L au 5L, au Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ: gari linalobeba pamba msimu ukifunguliwa, na miezi mingine linabeba wagonjwa, harusi na mbuzi wa mnadani. Pampu za magari haya ni ndugu. Zimetengenezwa na Denso kwa muundo wa VE ulioanzishwa na Bosch wa Ujerumani miaka ya 1970. Nissan na Isuzu nyingi za zamani, pamoja na Land Rover za Tdi, zina pampu za ukoo huohuo, kwa hiyo mengi utakayosoma hapa yanazihusu pia.

Mchana dizeli, usiku hewa

Magari haya hayana pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini kupitia filta, inajijaza, kisha inaigawa kwa kila nozo. Injini ikikimbia, presha ndani ya mwili wa pampu inaweza kufika bar 7, karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ikipata ufa, dizeli inatoka. Ukizima injini, mambo yanageuka. Tangi liko chini kuliko pampu, dizeli inataka kurudi chini kwa uzito wake, na ufa uleule uliokuwa ukitoa dizeli sasa unaingiza hewa. Ukiamka, pampu ina hewa ndani, na hewa haisukumi nozo.

Ndiyo maana uvujaji mdogo, usiofika hata kudondosha tone chini, unatosha kulifanya gari ligome. Na ndiyo maana watu wanabadilisha plagi za hita, halafu nozo, halafu betri, ugonjwa ukibaki palepale.

Kipimo chake hakina gharama. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini mwanzoni, ikazidi kuwa ngumu kadiri unavyobonyeza, kisha gari likawaka mara moja, basi tatizo ni hewa. Ikiwa ngumu tangu mwanzo na gari bado linagoma, achana na pampu kwa sasa, ukaangalie plagi za hita na nozo.

Hewa nayo si lazima iwe imeingilia kwenye pampu. Mpira uliochoka kati ya tangi na filta unafanya vilevile bila kuvujisha hata tone. Kutofautisha, chukua dumu safi la lita 5, litie dizeli, lining'inize juu kuliko injini, halafu ulete mpira wake moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingizia wa pampu. Mpira wa kurudishia nao uelekeze kwenye dumu hilohilo. Ukipata ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, bora zaidi, utaona mapovu yakipita. Acha gari lilale hivyo. Likiwaka vizuri asubuhi na pampu ni kavu, ubovu uko kwenye njia ya kutoka tangini. Pampu ikiwa imelowa, sasa dizeli inashuka kwa uzito wake kutoka juu na itakuonyesha yenyewe inapotokea.

Kutafuta mahali

Osha pampu yote kwa brashi na mafuta ya taa, ikiwa baridi, kisha ikaushe kabisa. Wengine hupiga maji ya presha. Mimi siyapendi, yanasukuma mchanga kwenye shafti ya mkono wa mafuta. Ikishakauka, nyunyizia poda ya mtoto au unga wa chaki, safu nyembamba tu. Washa, iache injini kwenye silensa, mtu mmoja akanyage mafuta kidogo kidogo, wewe uangalie kwa tochi. Dizeli ikitoka tu, poda inageuka kijivu, na doa litaanzia juu kabisa ya njia yake. Hapo juu ndipo pa kutengeneza. Chini kunapodondokea hakukuhusu, kwani dizeli inatambaa: huanzia kwenye kifuniko cha juu, hushuka nyuma ya pampu, ikadondokea kwenye braketi, na fundi akalaumu sili ya mbele.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Ukitafuta uvujaji kwenye mapaipu ya chuma yanayokwenda kwenye nozo, usipitishe mkono injini ikiwa inawaka. Humo presha inapita bar 100, na mchirizi mwembamba usioonekana unapenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, hakiumi sana mwanzoni, lakini dizeli iliyoingia ndani ya kidole inaua nyama. Tumia kipande cha boksi. Ikikutokea, nenda hospitali saa ileile na umwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha, asije akakufunga bandeji akurudishe nyumbani.

Kwa nini sili zinachoka

Umri ni sababu ya kwanza. Injini ya 1HZ ilianza kutolewa mwaka 1990, na mikonga mingi inayoonekana Bariadi ina pampu ambayo haijawahi kufunguliwa. Raba ya miaka 25 huwa ngumu kama plastiki.

Sababu ya pili ni dizeli yenyewe. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, kutoka 500 za awali. Kwa mapafu yetu ni jambo jema. Lakini kiwanda kinapoondoa salfa, kinapunguza pia kemikali fulani zilizokuwa zikiifanya raba ya zamani ivimbe na kuziba vizuri. Sili iliyozoea kuvimba ikikosa kemikali hizo inanywea, na ikiwa imezeeka haina tena uwezo wa kujitanua. Wamarekani waliliona hilo Oktoba 1993 walipopunguza salfa kwao: magari mengi ya zamani yalianza kuvuja pampu. Dawa ilikuwa kubadilisha raba na kuweka za aina iitwayo Viton, ambazo hazijali dizeli ya zamani wala mpya. Mwenye duka la spea akikuuzia kiti (seti) ya sili, muulize swali moja: ni Viton? Rangi usiitegemee. Kuna Viton nyeusi, na kuna raba ya kawaida iliyotiwa rangi ya kahawia.

Sababu ya tatu tunajiletea wenyewe. Pampu hii haina oili yake. Kinachoilainisha ni dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye dizeli ni mepesi, hayalainishi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua uchakachuaji, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilikuwa imeshaanza kuweka vinasaba (alama za utambuzi) kwenye mafuta mwaka mmoja kabla, lakini dizeli ya kununua kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuipima. Hata kama haijachanganywa, ina vumbi na maji. Ukilazimika kuinunua, iache dumuni itulie usiku kucha, uimimine kwa kitambaa kilichofumwa vizuri na uache kikombe cha mwisho chini.

Unachoweza kufanya nyumbani

Anza na rahisi. Boliti zenye tundu, zile zinazoshika mpira wa kuingizia na wa kurudishia, zina washa za shaba pande zote mbili. Zikivuja, mara nyingi ni washa tu. Kama huna mpya, zipashe za zamani juu ya moto mpaka ziwe nyekundu, uzitumbukize majini. Shaba inarudi kuwa laini na inaziba tena. Zisugue kwanza kwenye msasa uliolala juu ya kioo ili zinyooke.

Hapo hapo angalia: boliti ya kurudishia imeandikwa OUT kichwani, na ndani yake kuna tundu dogo sana. Ya kuingizia tundu lake ni kubwa. Usizibadilishane. Zinaingia zote, hakuna kitakachokuzuia, lakini presha ndani ya pampu itaharibika na gari litapoteza nguvu mlimani, nawe utazunguka gereji zote ukitafuta ugonjwa uliouweka mwenyewe.

Baada ya boliti, inayovuja zaidi kwenye magari ya huku ni shafti ya mkono wa mafuta, pale juu waya wa akseleta unapofungwa. Shafti inazunguka siku nzima, vumbi la barabara linakaa shingoni, na oringi yake inakatika. Kuibadilisha si lazima kutoa pampu kwenye gari, ila inataka mkono mtulivu na mahali pasafi. Fanya asubuhi kabla upepo haujaanza, nyunyiza maji uwanjani vumbi lilale, na osha pampu upya. Mikono nayo. Usifutie pamba, hata kama umezungukwa na magunia yake. Uzi mmoja ukiingia ndani unatosha kuziba. Tumia kitambaa cha shuka kuukuu kisichotoa nyuzi.

Piga picha za simu kutoka pande zote, hasa springi za mkono wa mafuta zilivyoshikwa. Kisha kwa ncha ya tupa kwaruza mstari mmoja unaopita juu ya mkono na kichwa cha shafti. Mstari huu ndio roho ya kazi yote: shafti ina meno madogo, na mkono ukirudi umekosea jino moja, silensa na mwendo wa juu vinabadilika. Fungua nati, toa mkono na springi. Fungua boliti nne za kifuniko cha juu kwa alenki. Sasa unapoinua kifuniko, isukume shafti chini kwa kidole gumba ili ibaki ndani ya pampu, ikining'inia kwenye springi ya gavana. Ukiinyanyua pamoja na kifuniko, springi inachomoka au inapinda, na kuanzia hapo kazi si yako tena.

Kifuniko kikiwa mkononi, toa oringi ya zamani kwa kijiti cha mti, si kwa msumari. Ingiza shafti kwenye tundu lake bila oringi uitikise. Ikicheza sana, bushi imeliwa, na oringi mpya itakaa wiki chache tu. Bora ujue mapema kuliko kulaumu spea. Ikiwa sawa, paka oringi mpya dizeli safi, ivishe, badilisha na gasketi ya kifuniko, halafu urudishe kifuniko huku ukiiongoza shafti ipande juu kwenye tundu lake. Kaza boliti nne kwa mkingamo, kidogo kidogo. Mwili wa pampu ni aluminiamu, na nyuzi zake zikichanika hazisamehe.

Kuna skrubu zenye nati ya kufungia ambazo hupaswi kuzigusa, hasa ile iliyo nyuma ya kifuniko. Hiyo inapima dizeli ya mzigo mzima. Ikifunguliwa robo tu gari linafuka moshi mweusi, na kurudisha mahali pake bila mashine ni kubahatisha. Pampu yenye kikombe cha tabo juu ya kifuniko nayo usiifungue uwanjani.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mweke mtu kwenye ufunguo na wewe shika kipande cha ubao mkononi. Kama kuna kitu kimekosewa ndani, injini inaweza kupandisha mizunguko yenyewe. Azime ufunguo mara moja, na isipozima, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, si kwa kiganja.

Kutoa hewa

Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Legeza nati za mapaipu kwenye nozo, nusu mzunguko kila moja, uzifunike kwa tambara. Mtu apige stata kwa sekunde 15, apumzishe dakika nzima, arudie. Dizeli ikianza kutoka bila mapovu, kaza moja baada ya nyingine. Stata ikipigwa mfululizo inaungua, na stata ni ghali kuliko oringi zote ulizonunua.

Ya kumwachia fundi wa pampu

Sili ya mbele, pale shafti kubwa inapoingia, ndiyo hatari kuliko zote, na madhara yake yanategemea injini. Kwenye 2L, 3L na 5L, pampu inazungushwa na taimingi beliti. Dizeli ikivuja mbele inaloweka beliti. Raba inalainika, meno yanang'oka, na vali zinagongana na pistoni. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita tu, haijui kama beliti imelowa. Ukiona dizeli inatoka chini ya kava la beliti, usiendeshe mpaka Lamadi ukasema utaangalia ukirudi. Na sili ikibadilishwa, beliti iliyolowa ibadilishwe pia, hata kama iliwekwa mwaka jana. Kuifuta haisaidii.

Kwenye 1HZ pampu inazungushwa kwa gia, ndani ya kasha lenye oili ya injini. Sili ya mbele ikiachia, nje utaona pakavu kabisa, lakini kijiti cha oili kitaonyesha oili imepanda badala ya kushuka, nyepesi, inanuka dizeli. Dereva asiyejua hufurahi kwamba gari halili oili. Hiyo oili haishiki tena beringi. Simamisha gari, mwaga oili, na usiwashe hadi pampu itengenezwe.

Nyingine ya kumwachia fundi ni oringi kubwa ya kichwa cha nyuma, kule mapaipu ya nozo yanapotokea. Kuna mafundi wanaolegeza kichwa, wanakivuta milimita chache na kuvisha oringi pampu ikiwa kwenye gari. Wakifanikiwa ni ustadi, siwezi kuwanyima sifa. Wakikivuta kupita kiasi, springi za ndani na vipande vyake vya kupimia vinaanguka tumboni mwa pampu, na utalipia pampu nzima.

Njiani, ukikwama, kaza boliti, badilisha klipu ya mpira, endelea taratibu. Lakini usikubali kipande cha tyubu ya baiskeli kugeuzwa sili. Dizeli inaivimbisha na kuiyeyusha, na vipande vinaingia ndani. Silikoni ya kuzibia gasketi nayo inaachia nyuzi zinazoziba njia za dizeli. Sabuni ya mche ni ya tundu la tangi, na hapo inafaa kweli. Na akija mtu na chupa ya mafuta ya breki akisema yatavimbisha sili, mwambie asante: mafuta hayo yanavuta maji, na maji ndani ya pampu ni kutu.

Pampu ikitolewa, simama ukiangalia. Fundi apige alama inayounganisha pampu na sehemu inapokaa kabla ya kulegeza nati yoyote, na puli aitoe kwa pula, asiipige nyundo. Mwaga dizeli iliyomo, ziba kila mdomo kwa plastiki na uzi, uifunge kwenye gunia ndani ya boksi, na kama hujapata mwenye mashine ya kupimia Bariadi mjini, itume kwa basi la Mwanza. Andika namba zilizo kwenye kibati cha pampu. Ya Toyota huanza na 22100. Bila namba hiyo utaletewa kiti ya pampu nyingine.

Ukimpigia simu fundi wa pampu, mweleze hivi: "Fundi, pampu ya 3L, inavuja mbele, gari lilikuwa na nguvu na halikuwa na moshi. Naomba sili zote za Viton, uipime kwenye mashine, usibadilishe kitu kingine bila kunipigia." Kusema gari lilikuwa na nguvu kuna maana yake: unamwambia kwamba ndani hakuna ubovu, asikuuzie kichwa kipya. Mwombe pia akurudishie sili za zamani ndani ya kifuko. Zikija ngumu, zimepasuka, hewala. Zikija laini na nzima, mpigie tena umuulize alichobadilisha ni nini.